Miguu ya Dada na Mbegu za Mwaka Ule

Hospitalini Homa Bay walituambia figo za dada yangu zimechoka. Daktari alisema ng'ambo ipo mashine ya kuosha damu ya mtu kama yeye, lakini kwetu haipo, basi aache chumvi na alale. Akalala miezi mitano. Uvimbe wa mwili ulipopungua tuliona mapaja yake yamekonda kama mikono, na kusimama hawezi.

Wazazi walikuwa wamefariki. Mimi mkubwa niliacha shule darasa la sita, nikabaki na dada huyo na wadogo wawili. Vijana wenzangu walikwenda machimboni upande wa Migori. Mimi ningekwenda vipi? Nani angemgeuza kitandani?

Jirani yetu, dresa wa kufunga vidonda aliyewahi kuhudumu jeshini, alikuja akamfundisha mazoezi. Ainue mguu mara kumi akiwa amelala. Akae kwenye kigoda, asimame, akae tena. Kisha atembee hadi ghalani, na uso ukivimba apumzike. Alifanya siku tatu. Ya nne akageukia ukutani.

Mvua ikaanza. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutia mbegu kwanza. Mdogo akimtangulia, ni mkosi kwa boma zima. Hata mama mdogo, mjane wa ndugu yake baba, alikuwa akinisubiri. Asubuhi moja, kwa hasira, nikamwambia dada, "Sipandi mpaka ufike shambani kwa miguu yako."

Neno likishatoka kwa mkubwa halirudi. Nilijifunga mwenyewe. Mama mdogo alisimama mlangoni na jembe lake, akasema kila mtu amsikie, "Wenzetu wanapalilia. Sisi tunaangalia miguu ya msichana."

Dada aliniuliza polepole, "Na nisipofika, tutakula nini?"

"Hatutakula."

"Wewe ni mjinga, kaka," akasema, akainua mguu.

Siku ya kwanza alifika mlangoni, akaanguka. Baadaye ghalani. Baadaye kwenye ua wa minyaa, ambako alikaa kwenye kigoda akinitukana mpaka pumzi ikarudi. Kila siku mvua ilinyesha juu ya shamba tupu, nami nilitamani kuchukua jembe nipande kwa siri.

Siku ya kumi na nane alifika. Nilichimba shimo la kwanza, nikatia mahindi. Kabla sijafukia, nikasikia jembe la mama mdogo likigonga udongo kule kwake.

Dada akatazama nyumba ilivyokuwa mbali. "Sasa nirudi vipi?"

"Kama ulivyokuja."

Mavuno yalikuwa haba mwaka ule, na wadogo zangu walijua ni kwa sababu yangu. Figo hazikupona. Lakini dada alitembea miaka miwili zaidi, kila asubuhi hadi shambani, nami hatua chache nyuma yake na kigoda mkononi. Machimboni sikuenda kamwe.