Kaka yangu alipigwa risasi na wenzake, lakini hakuwa anatoroka

Fiii, fiii, fi.

Mbili ndefu, moja fupi. Sauti hiyo bado iko kwa masikio yangu kama ya leo asubuhi.

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi niliachia shule form two, kwa hivyo mnivumilie nikikosea. Lakini hii ni ukweli mtupu, na mwenye kubisha aje Kebirigo, tutabishana nikichuna majani chai.

Kwetu mtu haingii boma kimya kimya. Unajitangaza ukiwa bado njiani, la sivyo wewe ni mwizi. Wengine wanaita, wengine wanakohoa. Kaka yangu Nyakundi alikuwa anapiga mluzi. Akifika tu kona ya shamba la majani, mbwa anatulia na mama anaweka sufuria ya chai kwa moto.

Hata baada ya kuingia jeshi, akija likizo, mluzi kwanza.

(Mimi nilijaribu kujifunza nikiwa mdogo, nyanya akanifukuza na mwiko. Msichana hapigi mluzi, anaita balaa. Sawa, nikaacha. Nina ndoto zingine hata hivyo. Nitafungua duka la keki Kisii mjini, na Nyakundi alikuwa ameahidi kula ya kwanza bure.)

Mwaka jana tukaambiwa ameanguka kazini, huko mpakani. Hatukuambiwa zaidi.

Lakini soko halikosi la kusema. Kabla mwili haujafika nyumbani, Kebirigo yote ilikuwa inanong'ona kwamba Nyakundi alipigwa risasi na wenzake akitoroka jeshi. Mama akaacha kwenda sokoni. Hata chai yake alikuwa haimalizi.

Siku tatu kabla ya mazishi, kijana wa Keumbu akanifuata shambani. Anaitwa Makori, walikuwa wanalala hema moja na kaka. Akaanza kuchuna majani pamoja na mimi, vibaya sana, anang'oa hata yale makavu.

"Dada, hiyo ya wenzake ni kweli," akasema. "Hiyo ya kutoroka ni uongo."

Akanieleza. Walikuwa kumi, wanatoka doria ya siku mbili. Redio ilikuwa imekufa. Wakafika karibu na kambi alfajiri, mwanga bado mchache, vichaka kila mahali. Nyakundi alikuwa mbele, akafanya vile alikuwa amefanya miezi yote. Akapiga mluzi wake. Kambi nzima iliujua. Walinzi wakiusikia walikuwa wanasema, "Mkisii amerudi."

Lakini asubuhi hiyo mlinzi alikuwa mgeni, amefika jana yake tu. Hakuna mtu alimwambia kuna wenzake bado wako nje. Hakuna mtu alimwambia habari ya mluzi. Akasikia sauti kwa kichaka, akafyatua.

"Na yeye yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Yuko tu. Hali chakula. Ukimwita haitiki."

Nikamlilia na yeye pia. Mimi ndio niko hivyo, hata kuku akichinjwa natoka jikoni.

Sasa, tatamoke, yaani baba mdogo, ndiye alikuwa ameandika historia ya marehemu. "Aliuawa na adui akipigana." Na mimi ndio nilipewa kusoma. Nikamwambia yale Makori amesema.

"Soma vile imeandikwa," akasema.

"Adui hakuwa hapo, tatamoke."

"Kwa hivyo unataka kutuaibisha mbele ya watu?"

"Aibu gani? Alikuwa anarudi kambini akijitangaza, vile mlimfundisha hapa nyumbani."

"Ukifungua hiyo mdomo, nisikuone kwangu tena."

Siku ya mazishi mzee wa kanisa akanipa maikrofoni. Nikasoma kuzaliwa, nikasoma shule, nikasoma kubatizwa. Nilipofika huo mstari, nikakunja karatasi.

Nikasema yote. Redio, mluzi, mlinzi ambaye hakuambiwa. Nikasema kaka yangu alikuwa anarudi, hakuwa anaenda. Nikasema huyo mlinzi akija hapa siku moja, atapewa chai kama mtu yeyote.

Tatamoke akaninyang'anya maikrofoni. Nikaendelea bila. Nina sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Makori akasimama. "Nilikuwa nyuma yake hatua tano. Ni kweli."

Halafu mama akasimama. Alisimama tu akiwaangalia wale wa sokoni, mpaka mmoja mmoja wakainamisha macho.

Nilichojifunza ni hiki. Ukificha ukweli wa mtu wako, soko litamtungia wake. Na mtu anaweza kuuawa na wenzake na bado afe na heshima yake yote. Wa kuona haya ni wale walikuwa na kazi ya kumwambia mlinzi na hawakumwambia.

Tatamoke bado hanisalimii. Mama ameanza kwenda sokoni.

Mnaoona nilikosa adabu, semeni hapo chini, nitawajibu mmoja mmoja. Na kama habari kama hii iliwahi kufika kwenu, niambieni mlifanya nini.

Jioni ile ya mazishi, watu wakiwa wameenda, nilitembea peke yangu mpaka kona ya shamba la majani. Nikalamba midomo. Ya kwanza ikatoka upepo tu. Ya pili pia. Nikarudia, nikarudia, mpaka ikatoka, mbaya mbaya lakini ikatoka. Mbili ndefu, moja fupi.

Huko nyumbani mbwa alikuwa amebweka kutwa nzima. Akanyamaza.