Gogo Lililochaguliwa Kidato cha Kwanza

Sisi tuliosoma Masanze wakati kijiji kizima kina kamusi moja tulikuwa watu wa kuheshimiwa, jamani. Siyo ninyi watoto wa simu, mkikwama neno mnabonyeza, mnajibiwa kabla hamjamaliza kukuna kichwa. Kamusi yetu ilikuwa ya jirani mmoja, mstaafu wa reli. Ukitaka kuiazima unanawa mikono kwanza, unamwamkia shikamoo, unasubiri marahaba yake iliyokuja polepole kama treni ya mizigo, ndipo anakutolea kitabu kimefungwa kwenye gazeti. Tulicheza rede mpaka magoti yakawa ya kijivu, tukala mihogo ya kuchemsha na chumvi, na jioni tukagombana kwa Kiingereza tusichokijua. Siku moja nilimwambia mwenzangu "Yu a veri bikozi!" akalia mpaka kwao.

Kwa Kiingereza hicho nikapewa jina la Mwingereza. Aliyenipa ni Baba, na alinipa kwa moyo mweupe kabisa. Yeye alikuwa mkulima wa mpunga aliyeishia darasa la nne, na nikimsomea maandishi ya kopo la dawa ya mahindi alikuwa anazima redio ili anisikilize.

Basi nikafaulu. Nikachaguliwa shule ya bweni upande wa Mikumi, wa kwanza katika ukoo wetu. Fomu ya kujiunga ikaja, Kiingereza kitupu, na chini kabisa mstari wa wino mzito: asiyekamilisha vifaa vyote hatapokelewa. Nikaenda chumbani kwa Bibi, mama yake Baba, nikakaa juu ya sanduku lake la bati la kuwekea kanga, nikaanza kuwasomea yeye na Baba. Ndoo, sawa. Jembe, sawa. Fyekeo, sawa. Halafu nikafika kwenye "trunk, one, with padlock."

Nikafungua kamusi niliyoiazima kwa yule jirani. Maana ya kwanza: shina la mti, gogo. Ya pili: kiwiliwili. Ya tatu: mkonga wa tembo. Ya nne ilikuwa imeliwa na panya.

"Kiwiliwili anacho," Bibi akasema, akinikagua juu mpaka chini. "Au wanataka cha pili?"

"Mkonga ndiyo kabisa," Baba akadakia. "Askari wa wanyamapori watanifunga hata sijaugusa."

Likabaki gogo. Tena ukifikiri vizuri lilikuwa linaingia akilini, maana shule iliyodai jembe na fyekeo itashindwaje kudai kuni? Kilichotutatiza ni hiyo "padlock", kwa kuwa hilo nililijua bila kamusi, ni kufuli. Baba akatafakari. "Watoto wa bweni ni wezi," akaamua. "Kila mtu anafunga kuni zake."

Moyoni nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mwalimu wangu alikaa nyumba ya tatu tu kutoka kwetu, ningekwenda kumuuliza. Lakini Mwingereza mzima akaulize Kiingereza? Niliona aibu, sikwenda.

Baba akaangusha mkwaju wa nyuma ya choo. Akakata gogo lililonifika kiunoni, akalitoboa kwa nondo iliyopashwa moto, akapitisha mnyororo wa baiskeli, akatia kufuli jipya. Ufunguo akanivika shingoni kwa uzi. Akalisugua gogo kwa msasa pia, eti linakwenda sekondari.

Kwenye basi konda alilizunguka mara mbili. "Mzee, hili linakwenda wapi?"

"Shule."

"Kwani nalo limefaulu?"

Abiria wakavunjika mbavu. Baba akajibu bila kutabasamu, "Limechaguliwa."

Tulipofika getini nikaona wenzangu wamekalia masanduku ya bati, kila sanduku na kufuli lake. Nilielewa palepale, ila Baba alikuwa ameshatua gogo kutoka begani, jasho linamtiririka, anamwita mwalimu wa zamu.

Mwalimu akapitia orodha. "Trunk?"

Baba akalipigapiga gogo. "Hili hapa, mwalimu, na kufuli lake. Mwanangu, toa ufunguo."

Kicheko kile sijakisikia tena maishani. Walicheka wazazi, wakacheka wanafunzi, na mpishi akachungulia dirishani naye akacheka. Mwalimu alijizuia, akashindwa, akavua miwani afute macho. Kisha akaonyesha sanduku la msichana aliyekuwa mbele yetu. "Mzee wangu, tranka ndilo hili."

"Hili?" Baba akang'aka. "Hili si sanduku la bati? Mama yangu analo chumbani! Huyu alikuwa amelikalia!"

Kicheko kikaanza upya. Mwalimu akauliza, "Sasa fomu aliwatafsiria nani?"

Hawa ndio watu ambao ningeishi nao miaka minne, na Kiingereza ndicho kitu pekee nilichojivunia duniani.

"Mimi," Baba akasema. "Nimeisoma mwenyewe. Mtoto aliniambia ni sanduku, nikambishia. Ubishi wa uzee, mwalimu. Msimrudishe kwa kosa langu."

Baba huyo huyo ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa "yes" na "goli"! Siku ile nilimpenda kuliko siku zote, na sikumwambia.

Sikurudishwa. Nilipewa siku tatu, na siku ya pili Baba akatokea na sanduku la Bibi kichwani. Bibi alikuwa amezihamishia kanga zake kwenye kiroba. Gogo likabaki jikoni, mpishi akalifanya la kukatia nyama, nami nikaitwa Gogo mpaka namaliza kidato cha nne. Baadaye mwalimu wa Kiingereza akatufundisha kwamba kisawe cha "trunk" ni "chest". Nikaangalia kwenye kamusi, nikakuta ni kifua. Nikamshukuru Mungu fomu haikuandikwa hivyo, maana Baba sijui angeleta cha nani. Mpaka leo nina ugomvi na Waingereza, watu wazima na akili zao wanaita pua ya tembo na sanduku la nguo jina moja.

Mwaka huu binti yangu naye kachaguliwa. Fomu ilikuja kwenye simu, simu ikaitafsiri yote kabla chai yangu haijapoa, na haikukosea hata neno. Vifaa akaviagiza, vikapelekwa shuleni na kijana wa bodaboda. Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshavaa viatu. "Mama, we kaa tu," akaniambia, "kila kitu kimeshatangulia." Nikamwuliza kama hakuna hata mzigo mmoja wa kunipa nibebe. Akaangaza huku na huku, mtoto wa watu, anatafuta kweli, akasema hakuna.