Waliokuja kwa Yowe

Wale waliomjua Anitha kwenye kwaya ya kanisa kule Hombolo wasingeamini kwamba sauti ile inatoka kwenye koo lile. Haikuwa sauti ya kuimba. Ilikuwa sauti ya mtu anayechinjwa huku akimtukana mchinjaji. Muziki wenyewe unaitwa metali, gitaa za kunguruma na ngoma zinazopigwa kana kwamba zimemkosea mtu, na ukimwambia mkazi wa Nzuguni, pale Dodoma, kwamba fundi cherehani anayemshonea mwanawe sare za shule ndiye anayeimba hivyo, atakuuliza kama leo umekula. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mchana Anitha alishona barazani kwake. Jioni alifunga mlango, akasimama mbele ya maiki, akamuua mtu mmoja yuleyule kwa mdomo, tena na tena, mpaka koo likamuuma.

Mtu huyo alikuwa Fabian, aliyekuwa mume wake.

Aliyemwingiza kwenye muziki huu ni Hashimu, Mrangi wa Busi, fundi simu, mrefu, mpole, mtu wa swala tano ambaye kati ya swala na swala alitengeneza nyimbo za kufukuza mbwa. Hakuwa mpenzi wake, ingawa mtaa mzima ulikwisha kuamua hivyo bila kumuuliza mtu. Alikutana naye siku Anitha alipompelekea simu iliyopasuka kioo, na alipouliza imepasukaje, Anitha akamwambia ilipasukia kichwani kwake. Hashimu alitengeneza kioo, kisha akamwekea gitaa lililorekodiwa na kumwambia, "Hili linakosa mtu wa kulipigia kelele. Nadhani unazo."

Alikuwa nazo.

Kuna mashindano ya mtandaoni ya watengenezaji wa muziki wa roki na metali. Unajiandikisha, unachanganywa kwa kura na watu usiowajua, kila mmoja kwao na lugha yake. Huyu anatuma ngoma, yule anaweka gitaa juu yake, mwingine besi, na wimbo unapita mkono kwa mkono mpaka unakamilika, kisha washiriki wote wanapiga kura. Hashimu na Anitha waliangukia kundi moja na mpiga ngoma wa Polandi na mpiga besi wa Chile, na kwa namna ambayo wenyewe hawakuielewa wakafika raundi ya mwisho. Wimbo ulitakiwa ufike Jumamosi kabla ya jua kuzama. Ngoma zilikuwa tayari, gitaa na besi pia. Ilibaki sauti ya Anitha.

"Tukishinda wanatutolea santuri," Hashimu alisema. "Santuri ya kushika mkononi."

"Santuri chukua wewe," Anitha alisema. "Mimi nataka mtu anisikie, basi."

"Watakusikia mpaka Polandi."

"Polandi hawanijui. Lakini haya, waanze wao."

Ijumaa ile umeme ulikatika tangu asubuhi. Ulirudi Hashimu alipokuwa ametoka msikitini, na jua la Dodoma lilikuwa limeshalipika bati la paa mpaka chumba cha Anitha hakikaliki. Kuta walikuwa wamezibandika trei za mayai, na dirishani waliegemeza godoro ili sauti isitoke. Siku zote walivumilia. Siku hiyo Anitha alisimama kwa maiki na kabla hajafungua mdomo jasho likamwingia machoni, akasema hapa nitazimia. Hashimu akaliondoa godoro. Wakafungua dirisha. Upepo ukaingia, wote wawili wakacheka kwa raha, na hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Ngoma zililia kwenye hedifoni peke yake. Mtu wa nje hakuzisikia ngoma wala gitaa wala besi. Alichosikia ni mwanamke, saa tisa mchana, nyuma ya mlango uliofungwa, akipiga kelele kwa sauti ya kupasua kifua: "Njooni! Ananiua! Mnaosikia njooni, ananiua!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya wimbo. Aliyaandika mwenyewe.

Sasa, mtaa ule umejaa watu waliotoka vijijini, Wagogo, Warangi na wengine, na wamekuja mjini na sheria ya yowe kama walivyokuja na michi yao. Yowe likipigwa unaacha ugali kwenye sahani. Unachukua kilicho karibu na mkono, unakimbia, na kuuliza utauliza ukishafika. Asiyetoka hasalimiwi, na siku yake ikifika atalia peke yake. Ni sheria nzuri. Imeokoa ng'ombe wengi na watu pia, na sisemi neno baya juu yake, ila nasema kwamba haina masikio ya kutofautisha.

Anitha alikuwa amefumba macho. Waya wa hedifoni ulikuwa umemzunguka shingoni, kwa kuwa akiimba hakujua kutulia, na Hashimu alikuwa amesogea kuutoa taratibu ili asimkatishe. Mlango ulipovunjwa, walioingia walimkuta Mrangi yule mrefu amemsimamia mwanamke anayelia, mikono yake yote miwili kwenye shingo yake, waya katikati ya vidole.

Wa kwanza kuingia alikuwa Emiliana, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima ambaye mtaani wote wanamwita Mama Joshua. Alikuwa na mchi. Nyuma yake Yahaya, fundi wa kuchomelea mageti, na nondo. Nyuma ya hao walikuwa wengine, na wengine.

"Shika huyo!" Yahaya alisema.

Nondo ilitua tayani. Hashimu alianguka juu ya gitaa lake na shingo ya gitaa ikavunjika chini yake. Alijaribu kusema, na kilichotoka mdomoni kilikuwa damu na jino. Akaweka mkono wa kushoto sakafuni ajiinue. Mama Joshua alishusha mchi juu ya vidole vile kama anayetwanga uwele, akauinua, akaushusha tena palepale. Mtu mmoja alimpiga mateke ya mbavu kwa buti za kazi. Mwingine, ambaye hata hakuwa amemwona mwanamke wala waya, alimpiga tofali la mgongo kwa kuwa wenzake walikuwa wanapiga.

"Mwacheni!" Anitha alipiga kelele. "Si yeye! Mwacheni, mnamuua!"

Kelele zake hazikuwa zimewahi kutoka kali kiasi hicho, hata kwenye wimbo. Na kila alipopiga moja, mlango uliingiza mtu mwingine. Walioko barabarani walisikia yowe tu, na wakafanya ambacho yowe linaamuru. Jembe liliingia. Rungu likaingia. Aliona kwa macho yake kwamba sauti yake ndiyo inayowaita, kwamba anamuua Hashimu kwa koo lake mwenyewe, na kwenye vurugu ile likamjia wazo moja baridi kabisa lililomtia uchungu kuliko yote aliyokuwa akiyaona: kumbe wanasikia.

Miaka mitatu Fabian alimpiga katika chumba hikihiki. Alimpiga kwa mkanda, kwa simu, kwa mguu wa kiti. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Hakuja mtu. Asubuhi walimsalimia kisimani kwa upole mwingi, na Anitha alijiambia kwamba labda kuta ni nene, labda upepo wa Dodoma unapeleka sauti upande wa pili. Alijidanganya hivyo kwa kuwa isingekuwa hivyo asingeweza kuishi nao. Fabian aliondoka mwenyewe, akafuata mwanamke Singida, na hakuna jirani aliyechangia hata neno.

Anitha alifunga mdomo. Aliuma ulimi ili usifunguke, akajitupa juu ya Hashimu, akamfunika kichwa kwa kifua chake. Rungu lililokuwa njiani lilimpata begani. Fimbo ikampata mgongoni. Hakulia. Alilala pale kimya kama mzigo, akisikia damu ya mwenzake inamlowesha shingo, na chumba kikaanza kutulia taratibu, kuanzia nyuma kuja mbele, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kuitikia.

"Mbona amenyamaza?" Mama Joshua aliuliza. "Jamani, mmempiga na yeye?"

Ndipo watu waliposhusha mikono.

Hashimu alipelekwa hospitali kwa bajaji. Aliishi. Taya lilifungwa kwa waya, mbavu ziliachwa zijiunge zenyewe, na vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vya kubonyeza nyuzi, daktari alivikata jioni ileile kwa kuwa havikuwa na cha kuokoa. Anitha alikaa kwenye benchi la nje mpaka alipoambiwa, na alipoambiwa alitapika kwenye ua wa hospitali. Alimchukia kila mtu wa Nzuguni. Alijichukia na yeye, kwa ajili ya dirisha.

Aliporudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, alikuta kompyuta chini ya meza bado inarekodi. Katika purukushani ile hakuna aliyeigusa. Alivaa hedifoni, akasikiliza. Kulikuwa na wimbo. Kisha mlango. Kisha Yahaya anasema shika huyo, kisha mfupa, kisha sauti yake yeye ambayo hakuitambua, kisha ukimya mrefu na pumzi za watu wengi waliochoka.

Jumamosi alimwekea Hashimu ile hedifoni kichwani, kitandani. Hashimu alisikiliza yote, machozi yakimwingia kwenye bandeji.

"Nikate pale mlango unapovunjwa?" Anitha aliuliza. "Wimbo wenyewe unatosha."

Hashimu hakuweza kusema. Alichukua simu kwa mkono wa kulia, akaandika: *Usikate kitu. Ulitaka wakusikie.*

Anitha akautuma jinsi ulivyo, kabla ya jua kuzama. Mchile hakujibu. Mpolandi aliandika swali moja tu, kama huyo mtu yuko hai, na Anitha akamjibu kwamba yuko hai. Baadaye kura zilipohesabiwa walikuwa wa pili, na kusema kweli ni jambo ambalo sioni haja ya kulisimulia zaidi, maana lililomhusu Anitha lilitokea Jumapili, baada ya ibada, uwanjani kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti, Mzee Nathanaeli, alikuwa mtu wa suluhu. Polisi walikwisha kuandika taarifa yao na Jumatatu wangekuja kuuliza nani alipiga nini, hivyo alitaka mambo yamalizwe nyumbani. Waliopiga wataomba radhi kwa mgonjwa. Na Anitha naye ataomba radhi kwa mtaa, kwa kupiga yowe la uongo, na kuahidi kwamba hatapiga tena.

"Shikamoo, mwenyekiti," Anitha alisema. "Yowe la uongo ni lipi?"

"Binti, usinitie maneno. Watu waliacha kazi zao, wakaja kukuokoa."

"Walisikia nini?"

"Tulisikia mwanamke anauawa," Yahaya alisema. "Tungekaa?"

"Miaka mitatu niliuawa kwenye chumba kile. Mlikaa."

Yahaya alitazama viatu vyake. "Yule alikuwa mumeo, dada. Ya mtu na mkewe hatuingilii. Hata wewe unajua."

Alilisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, bila ubaya wowote, na wanaume kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Anitha aliona hasira imempanda mpaka masikio yanavuma. Alikuwa tayari kupiga yowe hapohapo, uwanjani, aone watafanya nini.

Ni Mama Joshua aliyesimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kanga imemfunika mpaka kidevuni, na tangu kikao kianze hakuwa amesema.

"Nilisikia," alisema. "Mwenyekiti, mimi ukuta wangu na wake ni mmoja. Nilisikia kila siku. Siku mimba yake ilipotoka nilisikia anavyomkanyaga. Nilitoka na mchi. Nilifika mpaka mlangoni pake, mkono wangu uko kwenye komeo. Baba Joshua akaniita, akaniambia rudi, si mambo yako. Nikarudi. Nikawasha redio."

Mama Joshua alimgeukia Anitha, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kilio ambacho hakikutoka.

"Ijumaa niliposikia tena, nikasema sirudi. Sikumwona Hashimu, mwanangu. Wallahi vile, kama wasemavyo Waislamu, sikumwona. Mimi nilikuwa nampiga Fabian."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi ya yowe aliyoingoja Anitha kwa miaka, kwamba mtu mmoja angesikia, angekasirika, angekuja. Sasa alikuwa nayo mbele yake, imesimama kwenye mkeka. Alitaka kumkumbatia yule mama, na alitaka kumpiga, na mikono yake haikujua ifanye lipi.

"Fabian ana vidole vyake vyote, Mama," alisema.

Kisha akaaga, akaenda hospitali, kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imefika.