Pazia la Nakato

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja katika mtaa wa Najma kule Qatar, na hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka. Nilikuwa muuguzi kijana, mgeni Doha, tukiishi wanawake wanne chumba kimoja, kila mmoja na kitanda chake na pazia la kukizunguka. Wewe unayelala chumbani peke yako utacheka, lakini pazia lile ndilo lililokuwa nyumba ya mtu.

Siku hizo nilikuwa nimenogewa na feng shui, ule ujuzi wa Wachina wa kupanga nyumba ili nguvu zake mbili zilingane: yin, ya giza na utulivu, na yang, ya mwanga na shughuli. Nilijifunza kwa video za simu, tena nusunusu. Kila baya lililotupata, kuanzia maji kukatika hadi ugomvi wa sufuria, nilisema yin imezidi. Nikahamisha viatu, nikageuza kioo, wenzangu wakanicheka na kuniacha. Mjuaji huchosha watu, nami nilikuwa mjuaji hasa.

Lililonikera zaidi ni pazia la Nakato, Mganda aliyekuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Lilikuwa jeusi, zito, tena limeziba dirisha letu la pekee. Asubuhi ile, kabla hajarudi kutoka kazini, nililishusha nikalitia kwenye beseni la maji ya sabuni ili asiweze kulirudisha haraka. Sikumuuliza. Jua likajaa chumbani, nikajiona nimewafanyia watu hisani.

Nakato akaingia na sare yake, simu mkononi. Akakitazama kitanda chake kilichoachwa wazi mbele yetu, akanitazama mimi. Akaingia bafuni, akajifungia. Bafu lilikuwa moja, na gari la kazini lilikuwa likinisubiri. Nikaupiga mlango kwa kiganja.

"Nakato, yalla, haraka! Wengine tuna kazi!"

Mama Wanza, Mkamba mtu mzima aliyefanya kazi ya udobi hotelini, akanishika mkono. "Wacha huo mlango. Mamake amekufa. Amepigiwa simu akiwa kwa basi, ameniandikia sasa hivi." Kisha akaliangalia beseni. "Hao Wachina wako walikuambia giza halina kazi kwa nyumba?"

Hawakuniambia hivyo. Walisema zote mbili zahitajika. Mimi ndiye niliyeiruka sehemu hiyo. Nikamsikia Nakato akilia, amefungulia maji ili tusimsikie, nikaona aibu hata ya kupumua. Nikalikamua pazia, nikalitundika likichuruzika. Alipotoka aliniambia, "Webale, dada. Asante," akaingia nyuma ya pazia lake. Angenitukana ningepona mapema.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanangu, ukitaka kupanga nyumba, panga. Jifunze kwa Wachina, kwa Waarabu, kwa yeyote. Lakini kabla ya kusogeza kitu, muulize anayeishi nacho. Mwanga unaoupenda wewe ni mateso kwa mwenzako anayelala mchana. Na ukikosea, omba msamaha papo hapo, kwa maneno. Mimi nililitundika pazia nikadhani nimeomba. Nakato alirudi kwao mwaka uleule, na neno lenyewe sijamwambia hadi leo.

Mungu akujalie nyumba yenye mwanga wa kumpokea mgeni na giza la kumstiri mwenye kilio, na akupe ulimi mwepesi wa kusema nisamehe uliyemkosea angali karibu.