Kinyozi na Bwana Pasi

Kichwa chochote ulichompa Kinyozi alikitoa kimependeza, kiwe bapa au chenye mabonde. Kichwa chake mwenyewe ndicho kilichomshinda. Asubuhi alikunywa kuondoa uchovu, mchana kutuliza mkono, na ikifika jioni hakuhitaji sababu tena. Siku alipomkata mteja sikio, mwenye saluni alimpokonya wembe, akamwachia ufagio. Siku hiyo hiyo mkewe alimbeba mtoto, akahamia kwa kaka yake.

Huyo kaka mtu ndiye aliyetia msumari wa moto juu ya kidonda. Alikuwa karani wa mahakama, hana mke, shati limenyooka hata siku za mapumziko, na mtaa mzima ulimwita Bwana Pasi. Kinyozi akija kuiona familia yake, alimkuta getini, mikono nyuma.

"Shemeji, umekunywa?"

"Kidogo tu, shemeji."

"Basi na mimi nitafungua kidogo tu." Akafungua geti upana wa kiganja, Kinyozi akamwona mwanawe kwa jicho moja.

Aibu ile ilimkaba. Kesho yake, kabla hajaonja kitu, alikwenda zahanati, na muuguzi akamwambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Hukutana Jumamosi alasiri kwenye shule moja upande wa pili wa mji. Darasa lipi, muuguzi hakujua. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza njia ya kikao cha walevi kunataka moyo. Jumamosi ilipofika, Kinyozi alimwendea fundi viatu aliyekaa nje ya ukuta wa shule, akakohoa kidogo.

"Fundi, namtafutia shemeji yangu kikao cha watu wa... wa kuacha pombe. Hali yake mbaya, maskini."

Fundi alitoa uzi mdomoni. "Darasa la mwisho, nyuma ya tangi la maji. Lakini mashemeji wa mji huu wana nini? Wiki iliyopita alikuja mwingine, naye anamtafutia shemeji yake."

Kinyozi alicheka kwa adabu. Alifika mlangoni akapita kama mtu anayetafuta choo, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu mlango ulifunguliwa na mama mmoja mshonaji, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Baba, tumekuona tangu mara ya kwanza. Ingia, viti havina miiba."

Akaingia. Na nani aliyeketi chini ya ubao, shati limenyooka, uso umemshuka? Bwana Pasi!

Wakakodoleana macho. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuja kumchunguza. Kisha ukweli ukamwingia Kinyozi taratibu, na furaha mbaya ikauandama. Kumbe! Angetoka pale moja kwa moja, akapayuka kila kitu kwa mkewe, na mkewe angekosa pa kukimbilia. Angerudi nyumbani apende asipende.

Mshonaji, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alikumbusha kanuni yao: linalosemwa humu halitoki humu. Bwana Pasi hakungoja. Alikuwa ameshainuka, anaelekea mlangoni, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Kinyozi aliujua mtetemeko ule. Akamhurumia, jambo ambalo hakulitarajia hata kidogo.

"Nimedanganya hapo nje," akasema kwa sauti, kabla yule hajaufikia mlango. "Nimesema namtafutia shemeji yangu. Mlevi ni mimi. Mimi ni kinyozi nisiyeaminiwa kushika wembe, na nimejaribu kuacha peke yangu mpaka nimechoka."

"Kinyozi hajinyoi," mshonaji akamjibu. "Kaa, baba. Na wewe kaka, kiti chako bado kina joto."

Bwana Pasi akarudi kukaa.

Miezi ikapita. Kinyozi aliteleza mara moja, akarudi kikaoni ameinamisha kichwa, na aliyempokea mlangoni alikuwa Bwana Pasi. Safari hiyo hakumwuliza kitu. Wembe akarudishiwa, wateja wakarudi. Lakini kwa mkewe hakutoa siri, hata siku ile alipokwenda kwa Bwana Pasi kumwona, naye akamwambia, "Ungemuiga kaka yangu hata robo tu!" Kinyozi aliuma ulimi, ingawa maneno yalimwasha.

Kaka mtu alikuwa pale pale, amesikia.

"Dada, usimpime kwangu," akasema. "Mimi na mumeo tunahudhuria kikao kimoja. Nilikuwa nakunywa tangu kabla hujaja hapa, chumbani, mlango nimefunga. Angeweza kunianika siku yoyote. Hakunianika."

Mke alimtazama kaka, akamtazama mume, akarudi kwa kaka.

"Kwa hiyo nilimkimbia mlevi mmoja, nikaja kujificha kwa mwingine?"

"Ndiyo," wakajibu wote wawili.

Alikaa ngazini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na Kinyozi akalia naye bila kuona haya. Alipojifuta uso, alimwita mtoto avae viatu.

"Tunarudi nyumbani kwetu," akasema. "Na wewe kaka, funga begi lako. Siwezi kukuacha hapa peke yako na chumba hicho."

Bwana Pasi akaingia ndani kufunga begi.