Feni, Maji na Karatasi ya Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya kupakia rangi. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Bashay alfajiri, shati la kuazima mwilini na cheti cha ufundi wa umeme ndani ya bahasha, nikitarajia kupewa bisibisi. Mratibu wa mradi, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwenye chumba cha kompyuta pale Mbulu mjini. Alifungua mashine ya kwanza na kunionyesha vumbi lililoganda kwenye feni kama sufu ya kondoo.

"Hizi zinakufa kwa vumbi na joto," alisema. "Hapa mashine ikifa watu wanasingizia umeme. Wewe usije ukaniambia umeme kabla hujashika brashi."

Ilikuwa miaka ya soko huria, kompyuta za mitumba zilipoanza kupanda milima hadi kwetu. Mradi wetu ulichora ramani za matumizi ya ardhi za vijiji: mashamba hapa, malisho pale, msitu usiguswe. Nilipiga brashi kila asubuhi kwa miaka kadhaa. Mashine za Mratibu hazikufa, lakini mimi nilianza kujiona fundi mkubwa anayefanyishwa kazi ya mfagizi.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, nilihamishiwa Katesh, chini ya Mkuu wa Kitengo cha Ramani. Huyu alikuwa mtu wa haraka, mcheshi, aliyependa vitu vipya. Kazi aliyonipa ilikuwa nzito. Picha zilizopigwa kutoka angani ziliunganishwa na kompyuta moja kuwa ramani ya karatasi nane, na karatasi moja iliichukua mashine siku nyingi mchana na usiku. Kikao cha vijiji vya kugawa ardhi kilikuwa kimeshapangiwa tarehe, na kwa mwendo ule tusingekiwahi.

Aliyengoja ramani hiyo kuliko wote alikuwa Mzee Gidamis, mfugaji wa kule tambarare. Alikuja kwa miguu karibu kila juma, fimbo begani, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Njia ya ng'ombe wake kwenda kwenye maji ya chumvi ilipita katikati ya ardhi iliyokuwa inaombwa kwa mashamba. Ikichorwa kwenye ramani, ingebaki. Isipochorwa, ingelimwa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Njia yangu mmeshaiona huko juu?"

"Kwenye picha inaonekana, mzee. Iko karatasi ya mwisho, ya nane."

"Ng'ombe wanaijua hiyo njia siku zote," alisema. "Shida ni kwamba wenye kikao hawaulizi ng'ombe."

Mkuu wa Kitengo akaamua tuipandishe mashine spidi. Niwaeleze vijana, ingawa mtanicheka. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, hutoka kiwandani na spidi yake. Ukiingia kwenye mipangilio ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, unaweza kuipandisha kupita hapo. Ninyi leo mnaita ovaklok. Inakubali, lakini inatoa joto kali, na joto likizidi inajizima ili isiungue. Kwa hiyo swali la kwanza si spidi, ni namna ya kupoza.

"Hewa au maji?" Mkuu aliniuliza. "Fundi ni wewe. Amua."

Kupoza kwa hewa ni bamba la aluminiamu lenye mapezi, linalokaa juu ya prosesa, na feni kubwa juu yake. Katikati unapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, kidogo tu, si kama siagi kwenye mkate. Ni kitu kisicho na makuu, hakivuji, na feni ikifa unasikia kimya chake. Ubaya ni kwamba feni inavuta hewa na vilivyomo, na kiangazi cha Katesh upepo unabeba vumbi hadi ndani ya chai. Lazima brashi, kila asubuhi.

Kupoza kwa maji ni kibao cha shaba chenye vifereji vyembamba ndani. Kinakaa juu ya prosesa, pampu inasukuma maji yapite humo yabebe joto, halafu yanapozwa kwenye rejeta na kurudi. Maji hubeba joto kuliko hewa, na vumbi haliyasumbui sana. Ila mpira wa kupitishia maji ukivuja umeua mashine. Tena lazima yawe maji ya betri, yasiyo na chumvi wala chokaa.

Nilichagua maji. Kwa Mkuu nilitoa sababu ya vumbi, na ilikuwa ya kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka na brashi.

Kibao kiliagizwa, pampu ikawa ile ndogo ya matangi ya samaki wa mapambo, rejeta nikaitoa kwenye hita ya gari bovu, na maji yakakaa kwenye ndoo wazi chini ya meza. Mashine ilikwenda vizuri mno. Wageni waliletwa kuiona, na mimi nilisimama pembeni nikijifanya sioni wanavyoshangaa.

Maji ya ndoo yalipungua kila siku kwa mvuke, nikawa naongeza. Maji ya betri yalipoisha, dereva alitakiwa kuyaleta kutoka Babati na hakwenda. Nikamwagiza Mama Neema, mpishi wetu wa chai, anichemshie na kunichujia maji ya kisima cha ofisi. Tangu shule tumefundishwa kwamba maji yaliyochemshwa ni safi, na kwetu Bashay ukichemsha maji sufuria inabaki ilivyokuwa.

"Fundi," Mama Neema aliniambia, akinionyesha sufuria yake, "maji ya kisima hiki ukichemsha yanaacha utando mweupe. Angalia chini hapa. Si usubiri yale ya betri?"

"Mama, wewe shughulika na chai."

Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi, mwenyeji wa Jorodom, jirani tu na Katesh, aliyekuwa akikwangua sufuria ile kabla sijajua kompyuta ni nini. Naona aibu kuliandika jibu hilo, lakini ndivyo nilivyosema. Wahenga walionya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la Mkuu nililisikia, la mpishi wa chai ndilo lililonivunja.

Siku tatu kabla ya kikao, karatasi saba zikiwa tayari, mashine ilijizima. Nikaiwasha, ikajizima tena. Nilifungua kibao cha shaba nikakuta vifereji vimeziba kwa utando mweupe, uleule wa chini ya sufuria. Nilirudisha bamba na feni, nikashusha spidi ya prosesa hadi ya kiwandani, na hesabu ikaanza upya polepole.

Kikao kilifanyika na karatasi saba. Sehemu ya nane wakatumia ramani ya zamani, ambayo haikuwa na njia ya ng'ombe. Mkuu wa Kitengo alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba tulipata hitilafu ya umeme. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na sikufungua mdomo. Nilimkumbuka Mratibu wa Mbulu, nikatazama chini.

Juma lililofuata Mzee Gidamis alikuja kama kawaida. Karatasi ya nane ilikuwa imetoka siku ileile, na njia yake ikionekana wazi kutoka malishoni hadi kwenye chumvi. Nilimpa.

"Umeme umerudi?" aliniuliza.

"Umerudi, mzee."

Akaikunja ramani na kuondoka.

Nilimaliza utumishi Babati, chini ya wakuu wengine wawili, na mashine zote nilizozipandisha spidi baada ya hapo nilizipoza kwa feni. Mkiniuliza leo, sisemi maji ni mabaya. Siku hizi yanakuja yamefungwa kiwandani, huongezi kitu. Chagua lolote, ila ulijue vumbi la mahali ulipo na maji yake, na usipoyajua muulize anayepika.

Mwaka niliostaafu nilipanda pikipiki hadi kwa Mzee Gidamis. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini sauti yangu aliitambua. Nilimwambia haikuwa umeme, ilikuwa ni mimi na maji ya kisima, na kwamba Mama Neema alinionya.

"Najua," alisema. "Yule mama aliniambia kabla sijaingia ofisini kwako."

"Sasa mbona uliniuliza kama umeme umerudi?"

"Nilitaka useme mwenyewe."

Vijana wake walikuwa ndiyo kwanza wanarudisha ng'ombe kutoka kwenye chumvi, kwa kuzunguka mashamba yaliyoziba njia, siku ya pili tangu waondoke. Akaagiza niletewe maziwa.