Mashati ya Katapila

Mdogo wangu alipewa jina la Katapila na watu wa jimu, akalipenda kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na baba hageuki. Mimi ni dada yake, nimemtangulia kuzaliwa, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya mtaani kwetu yametoka mikononi mwake, na nyuma ya karakana yake ndiko alikoanzisha jimu. Vyuma vya kunyanyua alivitengeneza mwenyewe, kwa mabomba ya maji na makopo ya rangi yaliyojazwa zege.

Alianza akiwa mwembamba, mwenye bidii tu. Akaenda kwenye mashindano ya kutunisha misuli, akashika mkia, akarudi amenuna. Mwaka uliofuata alikwenda na kifua cha kuziba mlango, akatwaa kombe. Mkewe, wifi yangu, ni fundi cherehani. Kazi ikawa kufumua mashati ya mumewe na kuongeza vipande kwapani, kisha kuongeza vipande juu ya vipande. Mama akaitundika picha ya ushindi sebuleni kwake: Katapila amepakwa mafuta mwili mzima, amevaa kichupi ambacho mimi nisingethubutu hata kukianika uani.

Pale jimu sindano za kukuza misuli hazikuwa siri. Zilibishaniwa kama mpira. Mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, aliyekuwa akija jioni kunyanyua, ndiye aliyekuwa wakili wa sindano.

"Bondia anapigwa ngumi za kichwa na watu wanampigia makofi," alikuwa akisema. "Mkimbiaji anakimbia mpaka goti linaisha, anavalishwa medali. Sindano ndiyo iwe kosa? Mtu mzima ana mwili wake."

"Bondia anamwona anayempiga," alimjibu siku moja fundi rangi. "Wewe utajuaje kama ini lako linapigwa?"

Wakacheka, wakaendelea kunyanyua. Katapila alikuwa upande wa mwalimu.

Nyumbani kwetu hapakuwa na ubishi. Tunaishi ua mmoja, na kila mtu aliona kwamba wifi hapati mtoto. Mama alishaamua kosa ni la nani. Kila mgeni alionyeshwa picha ile ukutani: "Mwanamume kama huyu, utasema yeye ndiye mwenye tatizo?" Hasira zilikuwa zinanipanda. Mama akatafuta dawa ya mizizi, chungu hata harufu yake, akawa anampelekea wifi kila asubuhi na kusimama mlangoni mpaka kikombe kiishe.

Hospitali walikwenda wawili, kimyakimya. Wifi ndiye aliyenisimulia baadaye. Yeye alipimwa akaonekana mzima. Daktari akamgeukia Katapila, akamuuliza anajichoma nini.

"Mwili ukiletewa homoni kutoka nje, unaacha kutengeneza zake," alimwambia. "Mbegu hamna. Acha sindano, tusubiri. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Na hiyo presha yako siipendi."

Njiani Katapila alimwomba mkewe jambo moja tu, mama asijue. Wifi akakubali.

Sindano aliacha, nampa haki yake. Aliacha kweli, ingawa alikuwa akilala mchana kama mgonjwa na kugombana na kila mwenye geti lake. Misuli ikaanza kushuka. Wifi akayafumua tena mashati, safari hii kuyapunguza. Mama alipoviona vile vipande vinatolewa, akajumlisha mambo kwa akili yake: huyu mwanamke hazai, na sasa anamkondesha mwanangu. Akatuita sote sebuleni.

"Nimevumilia vya kutosha," alisema. "Mkeo arudi kwao. Utaoa mwingine."

Wifi aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka haufungiki upesi, lakini Katapila akaniwahi. Alisimama, akaishusha picha yake ukutani, akamwekea mama mapajani.

"Tatizo ni huyu, mama. Nilijichoma sindano za misuli, zikanimaliza mbegu. Yeye hana kasoro yoyote. Daktari alimpima."

Mama akamgeukia wifi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na dawa yangu?"

"Nilikunywa, mama."

"Ulikunywa ya nini, na ulijua?"

"Aliniomba usijue," wifi alisema. "Na wewe ulikuwa unasimama mlangoni."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uani nikamwona mama anakwenda kwa wifi na kikombe mkononi, nikaacha ufagio nimfuate. Kikombe kilikuwa na chai. Mama alipofika mlangoni hakusimama. Aliingia ndani, akakaa chini karibu na cherehani, akaanza kumsaidia kufumua mashati.